Mwambie mama asisaini kitu getini: yaliyonikuta Frankfurt

Asisaini! Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nimesoma majibu yote ya juu yangu na watu watatu wanakwambia mama yako, akiambiwa ndege imejaa na kupewa vocha ya safari nyingine getini ili abaki, "aidake haraka, hilo ni zali". Zali hilo nililidaka mimi mwaka 2019 na mpaka leo linaniuma.

Mleta mada, umeuliza kama ni kweli mashirika ya ndege yanauza tiketi nyingi kuliko viti, mama afanyeje akiambiwa ndege imejaa siku anarudi kutoka Ujerumani kwa mjukuu wake, kilo za mizigo ni ngapi, na kama kutoka hapa Tanga aende Dar kwa basi au kwa ndege ndogo. Najibu mawili ya mwanzo tu, ya mizigo na ya basi nawaachia wengine. La kwanza jibu lake ni ndiyo, na wala si siri. Wanajua kila safari kuna watakaochelewa, watakaougua na watakaobadili tarehe. Ni kama mwenye shughuli anayegawa kadi 300 wakati ukumbi una viti 260. Siku wakitokea wote, harusini vijana watasimama nyuma na sahani zao mkononi. Kwenye ndege hakuna kusimama. Mtu anaachwa.

Sasa nisikilize vizuri hapa.

Nilikwenda kwa dada yangu Ujerumani, nikakaa wiki tatu. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa moja, Frankfurt mpaka Dar, naunganisha ndege njiani. Dar mpaka Tanga nilikata tiketi nyingine kabisa ya ndege ndogo, kwa sababu nilikuwa na haraka. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Chumbageni, na nilikuwa nimeacha magauni tisa ya wasimamizi wa bibi harusi yamekatwa tayari, bado kuungwa tu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Niondoke Frankfurt Jumanne jioni, nifike Dar Jumatano mchana, jioni niwe Tanga. Nilishahesabu hadi saa za kushona usiku.

Uwanjani nilifika mapema, saa tatu kabla. Binti wa kaunta akachukua begi langu, akanipa pasi ya kupandia, lakini pale pa namba ya kiti palikuwa patupu. Akasema nitapewa getini. Ukiona hivyo ujue uko kwenye hatari tayari. Dada alinisisitiza tangu siku moja kabla nichekini kwenye simu, yaani nijisajili kwa safari na kupata namba ya kiti, nami nikawa nasema nitafanya nikishafunga mabegi.

Getini tukaitwa majina watu sita. Mama mmoja wa shirika, mpole kwelikweli, akaniwekea karatasi juu ya meza na kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi. Akasema ndege imejaa, wananiomba niwasaidie, watanipa vocha ya yuro 150 na kiti kesho yake jioni. Ile karatasi ilikuwa ukurasa mmoja, maandishi yamebanana kama ya ndani ya boksi la dawa. Juu kulikuwa na viboksi viwili, na kimoja kilishapigwa alama ya x kwa mashine kabla mimi sijafika. Nilikiona. Nilikiona kwa macho yangu haya, na sikusoma neno lililokuwa mbele yake.

Badala ya kusoma nikampigia aliyenikatia tiketi. Ni wakala wa hapahapa mjini, ofisi yake iko kwenye mojawapo ya barabara zetu za namba, simtaji. Akanijibu bila hata kufikiri: "Dada, saini tu. Vocha ni zawadi, fidia ni haki yako, haviingiliani. Ukirudi mimi nitakudaia." Nikasaini. Nikasema na asante.

Lile neno mbele ya kiboksi lilikuwa la Kiingereza, maana yake "nimejitolea". Kile kingine ambacho hakikupigwa alama kilikuwa cha aliyenyimwa kiti. Kati ya viboksi hivyo viwili ndipo zilipopotea pesa zangu.

Ulaya wana kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Inamlinda abiria wa ndege yoyote inayoondoka kwenye uwanja ulio ndani ya Umoja wa Ulaya, hata kama shirika ni la Afrika au la Uarabuni. Ndege ikizidi watu, shirika linatakiwa kwanza litafute wanaokubali kubaki kwa mapatano. Wasipopatikana wa kutosha, ndipo linaruhusiwa kumwacha mtu kwa lazima. Na aliyeachwa kwa lazima, mradi tiketi yake ni halali na alifika kwa wakati, anatakiwa alipwe palepale: yuro 250 kwa safari fupi, 400 kwa za kati, na 600 kwa safari ya nje ya Ulaya inayozidi kilomita 3,500, kama hii ya kuja kwetu. Ndege mbadala ikimfikisha bila kumchelewesha zaidi ya saa nne, wanaweza kuikata nusu. Mimi nilichelewa siku nzima, kwa hiyo zingekuwa 600 kamili, na kwa bei ya yuro ya wakati ule ni zaidi ya milioni moja na nusu. Juu yake kuna chakula, hoteli ikibidi kulala, usafiri wa kwenda hotelini na simu mbili za bure. Aliyejitolea anapelekwa na ndege nyingine au anarudishiwa nauli, halafu anapata kile tu alichokubaliana nao. Basi.

Na kuna sehemu ambayo kila nikiisoma damu inachemka. Kanuni hiyohiyo inasema fidia inalipwa taslimu, kwa benki au kwa hundi, na kwa vocha ni mpaka abiria akubali kwa sahihi yake. Irudie tena hiyo. Bila sahihi ya mama yako hakuna mtu anayeweza kumfungia fidia yake kwenye vocha. Ndiyo maana wanaitaka sahihi kwa upole ule wote.

Pembeni yangu alikuwa kijana wa Kighana. Naye aliwekewa karatasi ileile, kalamu ileile. Akaweka mikono mfukoni akasema hajajitolea, anataka kusafiri leo, na kama wanamwacha basi wamwandikie kwamba wamemwacha. Yule mama akaenda ndani, akarudi, akarudia maneno yake. Kijana naye akarudia yake, hakupaza sauti hata mara moja. Baada ya kama dakika ishirini akaletewa karatasi nyingine ya haki zake, akaandikiwa yuro 600 za benki, akapewa na kuponi ya hoteli na ya chakula. Mimi nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake nimeshika vocha. Usiku ule alilala kitandani, nami nikalala kwenye viti vya chuma, mkoba nimeuzungushia mkono.

Nilifika Dar Alhamisi mchana. Ile ndege ndogo ilishaondoka na tiketi yangu tangu Jumatano, na kwa kuwa niliikata kivyake, shirika kubwa likasema halihusiki na la ndege ndogo likasema tiketi ya mtu asiyetokea hairudishwi. Nikalala Dar, Ijumaa alfajiri nikapanda basi Ubungo. Nilipoteremka Kange nikakuta simu tatu za mdogo wangu. Shangazi wa bibi harusi alishakuja kibandani na kuchukua vitambaa vyote, kampelekea fundi wa Ngamiani. Simlaumu, harusi haingojei fundi. Nilirudisha kianzio cha magauni tisa, na ule ukoo mpaka leo haujanirudia hata kwa kupunguza suruali.

Madai? Wakala wangu yule wa "nitakudaia mimi" alichukua shilingi 50,000 za kufuatilia. Mwezi wa kwanza alikuwa anajibu, wa pili akawa anasoma ujumbe na kunyamaza, wa tatu simu haipokelewi. Nikaandika mwenyewe kwa shirika. Jibu lilikuja mistari minne: kwa kuwa ulijitolea, hakuna kinachodaiwa. Chini wakaambatisha nakala ya karatasi yenye sahihi yangu. Vocha yenyewe ilikuwa ya miezi 12, kwa shirika hilohilo tu. Ni nani wa Chumbageni anapanda ndege ya Ulaya kila mwaka? Ikafa droo moja na vifungo.

Hasira yangu kwa yule mwanaume si ya 50,000. Ni kwamba hakuwa anajua, na hakusema hajui. Mtu yuko getini peke yake, ugenini, anakupigia wewe kwa sababu ndiye uliyemuuzia tiketi, unampa jibu la kubahatisha kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Na hao watatu wa juu wanaosema "aidake", niwaulize: nani kati yenu ameshawahi kuachwa na ndege? Kama hujaachwa, usimshauri mama wa mtu.

Kuna atakayesema akikataa atakokotwa kama yule daktari wa Marekani, David Dao, aliyeburutwa ndani ya ndege ya shirika la United pale Chicago tarehe 9 Aprili 2017. Dao alikuwa ameshakaa kitini, na walitaka nafasi nne za wafanyakazi wao. Watu husahau kwamba kabla ya kufika huko dau la kujitolea lilishapandishwa mpaka dola 800, na baada ya aibu ile kampuni ikatangaza itafika hata dola 10,000. Mimi hapo naona kwamba dau la kwanza siyo la mwisho. Mama wa heshima anayesimama kwenye meza ya geti na kusema hapana hakokotwi na mtu.

Kwa hiyo mama achekini mtandaoni mara tu inapofunguliwa, kwa mashirika mengi ni saa 24 kabla au zaidi, mjukuu amfanyie, atoke nyumbani namba ya kiti iko kwenye karatasi. Wasio na kiti na waliochelewa kuchekini mara nyingi ndio wanaotazamwa kwanza. Akiitwa getini, neno lake ni moja: sijajitolea, naomba haki zangu kwa maandishi. Wanalazimika kumpa hiyo karatasi, ni kanuni. Aipige picha, na pasi yake ya kupandia aipige picha. Ikija ya kusaini, ampigie mjukuu, asome naye neno kwa neno, hata kama foleni nyuma yake inanung'unika. Hawatamwona tena maishani.

Akitokea Dar mambo ni tofauti kidogo, usije ukamchanganya. Kanuni ile ya Ulaya inamfuata kutoka Dar ikiwa tu anakwenda Ulaya na shirika ni la Ulaya. Likiwa la mahali pengine, kanuni haimhusu mpaka siku ya kurudi. Huku kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na lipo baraza la watumiaji linalopokea malalamiko. Lakini karatasi ya maandishi aidai popote pale, maana hakuna ofisi inayosikiliza shauri lisilo na karatasi.

Umesema mama Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Basi aandikiwe ile sentensi kwa Kiingereza kwenye kipande cha karatasi, aiweke ndani ya pasipoti, siku hiyo aitoe tu na kuwaonyesha. Anaondoka tarehe ngapi? Kibanda changu kiko palepale, nafungua saa mbili asubuhi. Mlete, nitamwandikia kwa mkono wangu, herufi kubwa, asome bila miwani.