Muulize Mwalimu: “Baba Asema Nitaishia Kupiga Ngoma za Harusi”

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, nyumbani ni Kaloleni. Katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, nilipata C+ kwa jumla, Muziki B na Kiswahili B-. Nataka kusomea ualimu wa muziki chuo kikuu, lakini baba hataki hata kusikia. Asema nitakaa huko miaka minne kisha nirudi kupiga ngoma za harusi. Mimi naimba, na napuliza chivoti (filimbi ya kwetu) nilichofundishwa na babu. Piano nimeigusa shuleni mara chache, tena vibonyezo vingine vilikuwa havitoi sauti. Huko chuoni kunasomwa nini hasa? Na nikimaliza nitapata kazi gani?*
*Binti wa Kaloleni*

Marahaba, mwanangu. Mimi nilitoka kijiji kisicho mbali na kwenu nikaingia Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 1987, na marehemu baba yangu alisema maneno yayo hayo ya babako, isipokuwa yeye alitaja zumari badala ya ngoma. Basi tuanze na lile litakalomtuliza mzee.

Ili TSC, Tume ya Huduma kwa Walimu, ikusajili kuwa mwalimu wa sekondari, unahitaji C+ kwa jumla na C+ au zaidi katika masomo mawili utakayofundisha. Wewe unayo yote: Muziki na Kiswahili. Mwambie baba unakwenda kusomea ualimu wa masomo hayo mawili. Wala humdanganyi. Katika shule nyingi vipindi vya muziki ni vichache. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na vipindi 27 kwa wiki, na 9 tu ndivyo vya muziki. Vilivyobaki vyote vilikuwa Kiswahili, ngeli na ushairi. Nilivipenda, na ushairi ulinisaidia sana katika muziki, kwa sababu mizani ni mizani.

Hapa pana jambo moja ulishike sana kabla ya kujaza fomu za KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo. Kuna Shahada ya Ualimu yenye Muziki kama somo la kufundishia, na kuna Shahada ya Muziki. Majina yanakaribiana, njia ni mbali. Ukichukua ya pili peke yake utatoka mwanamuziki uliyesoma vizuri, lakini TSC haitakusajili mpaka uongeze stashahada ya uzamili ya ualimu. Nimemwona kijana hodari wa gitaa akiligundua hilo siku aliyopeleka makaratasi yake, na alilia mbele yangu. Idara za muziki zipo Kenyatta, Maseno na Kabarak, kwa kutaja tatu. Ukipiga simu, usiulize “mna muziki?” Uliza: “Shahada hii inanipa usajili wa TSC, na somo la pili ni lipi?”

Sasa masomo yenyewe. Nadharia na historia utakuwa umezionja kwenye KCSE. Kitakachokutoa jasho ni sikio. Wiki yangu ya kwanza mhadhiri alibonyeza noti tatu kwa mpigo akaniambia niimbe ile ya katikati. Nikaimba ya juu. Akabonyeza tena, nikaimba ya juu. Mimi niliyeongoza kwaya tangu darasa la sita sikuisikia kabisa ile ya katikati! Nilikuwa naazima ufunguo wa chumba cha mazoezi baada ya chakula cha jioni, naibonyeza ile noti peke yake, naishika kwa sauti, kisha naongeza za pembeni bila kuiachia. Wiki tatu. Siku iliyojitokeza yenyewe nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha, na tangu hapo sijawahi kusikia kwaya kama nilivyokuwa nikiisikia zamani.

Kuhusu piano, usiogope. Utafundishwa, na utajifunza kwa kukaa nayo kila siku, hata nusu saa. Ila chivoti chako kifungie kwenye sanduku uende nacho. Chuoni utasoma muziki wa kwetu kwa undani: nyatiti ya Waluo yenye nyuzi nane, litungu ya Wabukusu, wandindi ya Wakikuyu, bung'o na kayamba zetu. Utatumwa nyanjani kuwarekodi wazee na kuandika wanachopiga. Na utaona jambo hili: ukipuliza chivoti cha babu kando ya piano, noti nyingine hazikubaliani. Usikubali mtu akuambie chivoti ndicho kilichokosea. Kimetobolewa kwa kipimo cha vidole na sikio la aliyekitengeneza, na nyimbo zake zimekaa humo sawasawa. Mwalimu wa muziki wa Kenya lazima awe na masikio mawili ya kweli, moja la piano na moja la chivoti.

Halafu kuna ufundishaji, na hapo ndipo watu wa nje hawaelewi tunachokisomea. Kwenye mazoezi ya kufundisha, yale mnayoita TP, nilipewa Kidato cha Kwanza cha wanafunzi 54, na chombo hakuna hata kimoja. Chumba cha muziki kilikuwa kimefanywa stoo ya magodoro. Nilifundisha kwa mikono, kwa ishara za John Curwen wa Uingereza ambazo baadaye zilienea zaidi kupitia kazi ya Zoltán Kodály wa Hungaria. Do ni ngumi mbele ya tumbo, mi ni kiganja kilicholala, so ni kiganja kinachokuelekea. Mkono unapanda, darasa linapanda.

Humo darasani mlikuwa na mvulana aliyeimba kila wimbo kwa noti moja nzito ya chini. Alikuwa ameshaambiwa anyamaze wenzake wanapoimba. Nikambakisha wakati wa mapumziko, nikamwambia aimbe noti yoyote anayoitaka. Akaimba. Mimi ndiye niliyeshuka kuifuata noti yake, nikaimba naye mpaka sauti zetu zikashikana, na nikamwona usoni kwamba amesikia zimeshikana. Pengine ilikuwa mara yake ya kwanza. Nikamwambia twende hatua moja juu. Akapanda. Hatua ya pili akateleza, tukarudi chini kumfuata tena. Muhula ulipokwisha alikuwa anaimba noti tano bila kupotea, na mtihani wa kuimba aliufanya kama wenzake. Mtu akikuuliza chuoni unasomea nini, mweleze kisa cha mvulana huyu.

Kazi. Nitakuambia bila kukupaka mafuta. TSC huajiri kadiri ya nafasi na kusubiri kunaweza kuchukua miaka, kwa hivyo usikae bure. Shule za binafsi na za kimataifa za Mombasa na Nairobi hutafuta walimu wa muziki, lakini zinataka mtu anayeweza kukaa kwenye piano akasindikiza watoto, ndiyo maana nasema nusu saa kila siku. Masomo ya nyumbani huleta pesa mapema kuliko yote. Mimi niliwafundisha watoto wawili wa jirani kila Jumamosi, na ada ile ndiyo iliyolipa karo ya mdogo wangu. Bendi za jeshi, polisi na magereza huchukua wanaosoma noti. Makanisa makubwa huajiri waongozaji wa kwaya. Ukishakomaa unaweza kufundisha vyuo vya walimu, kushiriki kuandaa mitaala, au kuwa mwamuzi katika Tamasha la Muziki la Kenya, lile linaloanzia kaunti ndogo mpaka kitaifa. Na bendi za harusi pia ni kazi halali, mwambie baba taratibu. Mpiga kinanda anayeweza kuandika noti hupangiwa wenzake awaongoze.

Kuna sababu nyingine ya mimi kukutia moyo sasa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, muziki ulikuwamo katika mtihani wa shule ya msingi. Baadaye ukaondolewa, na shule nyingi zikaacha kuufundisha kabisa, kwa sababu kisichotahiniwa kwetu hakifundishwi. Niliona vyombo vikioza. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi 10 wa mfumo mpya wa elimu waliingia sekondari pevu (senior school), na mmoja wa mikondo mitatu ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, wenye Muziki na Dansi ndani yake. Shule inayotoa mkondo huo itahitaji mtu wa kusimama mbele ya watoto hao. Nataka awe mtu anayejua chivoti.

Baba akiendelea kukataa, mwombe aje nawe siku moja kwenye tamasha la kaunti akae karibu na walimu wa kwaya. Wangu alibadilika hivyo hivyo. Alitazama, hakusema neno, na jioni akaniuliza nauli ya kwenda Nairobi ni shilingi ngapi.

*Mwalimu, salamu. Nina miaka 41, naongoza kwaya ya kanisa hapa Voi. Najua sol-fa tu (do, re, mi), noti za mistari sizijui. Nimechelewa?*
*Kiongozi wa Kwaya*

Hujachelewa, ndugu yangu, na usiseme “sol-fa tu.” Wengi wanaosoma mistari vizuri hawawezi kuimba wanachokisoma mpaka wapigiwe piano kwanza. Wewe unaweza. Kilichobaki ni kuhamisha unachokijua kwenye ngazi nyingine.

Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, hufanyika hapa nchini na haina kikomo cha umri. Ina madaraja 1 hadi 8. Jiandae kwa nadharia mpaka daraja la 5, kwa sababu bila hilo, au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake, hutaruhusiwa kufanya mtihani wa kupiga chombo daraja la 6 na kuendelea. Vyeti hivyo havitakupa namba ya TSC, lakini vitakupa wanafunzi, na kwaya yako itaacha kutegemea nyimbo zilizonakiliwa kwa mkono.

Anza leo jioni. Chora mistari mitano. Weka do kwenye mstari wa chini kabisa, kisha mi na so kwenye mistari miwili inayofuata. Sasa futa, weka do kwenye nafasi ya kwanza, kati ya mstari wa chini na ule wa pili. Mi na so zitakaa kwenye nafasi mbili zinazofuata. Do ikiwa kwenye mstari, hizo mbili zipo mistarini. Do ikiwa kwenye nafasi, zipo kwenye nafasi. Chukua wimbo mmoja ambao kwaya yako inaujua bila kitabu, uandike mstari wake wa kwanza kwa njia zote mbili, kisha wape sauti ya kwanza wauimbe kutoka kwenye karatasi Jumapili hii. Niandikie ilivyokuwa.