Re: Shafti ya nyuma ya RZR inalia tak-tak, nibadilishe mpira tu?

Kaka, kama jointi ya shafti ya hiyo RZR (gari dogo la Polaris la njia mbovu) imeshaanza kulia, kubadilisha mpira unaoifunika tu hakutoshi. Mchanga umeingia kwenye grisi na umeshakula gololi na njia zake. Weka shafti nzima. Mpira mpya unafaa pale unapokuta wa zamani umepasuka leo na kelele bado hakuna.

Chomoa pini na ulegeze nati kubwa ya haabu (kitovu cha gurudumu) gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki na kuweka stendi. Fungua fimbo zinazoshika haabu ili ivutike nje. Tafadhali usivute shafti kwa kushika chuma cha katikati, jointi ya ndani inaweza kuachana. Tia mtaimbo mfupi kati ya kikombe chake na giaboksi, ung'oe kwa mara moja. Chunga sili inayozuia mafuta ya giaboksi! Mimi niliikwaruza, mafuta yakavuja hadi nikafungua upya kila kitu.

Ukirudisha shafti, isukume mpaka klipu ya kwenye ncha yake ikamate ndani, kisha jaribu kuivuta kwa mkono. Nati kaza kwa spana ya torki kufuata kitabu cha modeli yako, pini iwe mpya.

Je, gari umeliongeza urefu kutoka chini? Shafti ikilala kwa pembe kali, hata mpya itakwisha haraka.