Baba, usinunue wengine kwanza

Baba angu, hamjambo huko Ngaramtoni? Sisi huku Moshi wazima, ni hii baridi tu. Meseji yako nimeiona, unasema kati ya vifaranga 30 uliochukua 11 wameshakufa na wiki mbili bado hazijaisha, sasa unauliza uende sokoni uchukue 20 wa kujazia au uachane na kuku kabisa. Mi nakwambia usinunue hata mmoja na usiache. Kwanza ujue hao 11 wameuliwa na nini, mana ukijazia bila kujua unaongeza tu wa kufa.

Kwa ulivyoeleza mwenyewe, kwamba jioni wanakula vizuri wanachangamka halafu asubuhi unawakuta wamerundikana kona moja na waliokufa wako chini wamelaliwa, hiyo ni baridi baba. Hapo ulipo ni miguuni kwa Meru kabisa na mwezi wa saba huu usiku unajua mwenyewe ulivyo. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yaote. Usihangaike na kipimajoto, wewe waangalie wao, wakijibana pamoja wanalia ni baridi, wakikaa mbali na taa ya joto midomo wazi ni joto limezidi, wakitawanyika wanakula na kulala popote basi hapo ndo penyewe. Na zile kona ziue leoleo, zungushia boksi au kipande cha silingibodi liwe duara, kifaranga asipopata kona ya kujibana hawezi kulaliwa na wenzake. Umeme ukikatika weka mkaa kwenye chungu, ila uwe umewaka vizuri hauna moshi na juu uache pa kupitisha hewa, mana watu wanaziba kila tundu kwa ajili ya baridi halafu hewa ya mkaa inaua vifaranga wote usiku mmoja na kesho wanasema ni ugonjwa. Hilo linaniuma sana nikilisikia.

Sasa kwa nini nakukataza kuku wa sokoni. Unaukumbuka ule mwaka ugonjwa wa mdondo ulivyopita huku mtaani, ulikuwa bado unasoma, mabanda ya watu yalibaki matupu kabisa. Kuku anazubaa, anaharisha kijani, shingo inapinda, siku chache tu kaisha, na dawa hakuna baba, usije ukadanganywa na mtu anayekuuzia antibayotiki ya mdondo, ile ni virusi. Na watu wakiona mmoja kazubaa wanakimbiza waliobaki sokoni wapate chochote, ndo hao utakaowaleta wewe nyumbani. Siku ukinunua, weka mgeni banda lake wiki mbili, na unayemhudumia mwisho awe yeye.

Chanjo ndo kila kitu. Siku ya 7 mdondo, siku ya 14 gumboro, ule ugonjwa mwingine wa virusi wa vifaranga, 21 mdondo tena, halafu gumboro ya 28, kama ya kwanza imekupita muulize bwana mifugo wa kata leo usisubiri kesho. Wakishakua ile ya mdondo ya tone la jicho, tone moja jicho moja, kila baada ya miezi mitatu bila kuruka. Chupa moja inachanja kuku wengi kuliko ulionao, kwaiyo changeni na majirani mchanje siku moja, na hii ni bora kuliko kuchanja wako peke yako mana kuku wa jirani hajui mpaka.

Wakifika wiki ya tatu hivi fungua macho kwenye kinyesi. Ukiona damu ni koksidia, ugonjwa wa utumbo, hiyo inapenda maranda mabichi, hasa pale pembeni ya chombo cha maji, toa yale yaliyolowa kila siku na uwahi duka la dawa za mifugo uulize dawa yake, amprolium. Hii inatibika, ila mwenye kuwahi ndo anaokoa.

Nguchiro na vicheche bado hawajakusumbua lakini watakuja, wavu wa matundu madogo na mawe chini kuzunguka banda, basi. Pumba yenye ukungu usinunue hata ikiwa ya bei ya kutupa, sumukuvu inawamaliza ini polepole.

Hela ya wale 20 nunua taa ya akiba na chakula cha hawa 19, mwezi mzima wasipungukiwe. Na kesho asubuhi kabla hujafagia nipigie picha ya kinyesi na ya jinsi walivyolala unitumie, nikiona ntakupigia.

Mama yako