Mwanangu wa siku tano ana macho ya manjano

SWALI: Shikamoo mama. Nimejifungua mtoto wa kiume, leo ana siku tano. Alizaliwa na kilo 2.9. Tangu juzi macho yamegeuka manjano, na leo naona hata kifuani. Mavyaa anasema ni kawaida, nimwanike jua la asubuhi na nimpe maji ya glukosi kijiko kimoja kimoja. Ananyonya, ila analala mno. Jana usiku hakuamka tangu saa nne hadi alfajiri. Arobaini bado na nyumbani wanasema mzazi hatoki nje. Nifanyeje?
Mama wa mara ya kwanza, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi. Ujumbe wako uliponifikia nilikupigia simu hapo hapo, kwa kuwa jambo hili halingojei gazeti litoke. Nayaandika tuliyozungumza, kwa ruhusa yako, kwa ajili ya wazazi wengine walio ndani kama wewe.

Nilikuomba umsogeze mtoto dirishani, penye mwanga, umbonyeze kidogo kwa kidole kwenye paji la uso, uachie, utazame rangi ya ngozi kabla damu haijarudi. Kisha kifuani, kisha mapajani, mwisho nyayoni. Umanjano wa mtoto mchanga huanzia usoni na kushuka kadiri unavyozidi. Ulipofika kwenye nyayo ukanyamaza. Nikakwambia vaa, toka, nenda hospitali sasa hivi. Arobaini imewekwa ili mzazi apumzike na atunzwe, haikuwekwa kumzuilia mtoto mgonjwa ndani.

Mavyaa wako hajakosea kusema ni kawaida. Watoto wengi hugeuka manjano kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu, na huisha wenyewe. Chembe za damu zikivunjika hutoa rangi ya manjano, na ini la mtoto bado changa, haliwahi kuiondoa. (Wala hii si ile homa ya manjano ya mbu.) Lakini umanjano ukitokea ndani ya saa 24 za mwanzo, au ukifika viganjani na nyayoni, au mtoto akawa mzito kuamka na kunyonya, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu jua, nasema kwa uchungu. Nilipokuwa muuguzi kijana nilimwambia mzazi mmoja amwanike mtoto, kwani ndivyo tulivyoambizana wodini. Alirudi siku ya tatu, mtoto amejipinda mgongo kama upinde, analia kwa sauti nyembamba kali. Rangi ile ikizidi huingia kwenye ubongo. Mtoto alipona roho, lakini hakusikia tena. Jua halipimiki, na mtoto uchi hupata baridi au huungua. Taa ya bluu ya hospitali hupimwa, na damu ya mtoto nayo hupimwa.

Maji ya glukosi acha kabisa. Rangi ile hutoka kwa kinyesi, na kinachomfanya apate choo ni maziwa yako. Maji humjaza tumbo, akaacha titi. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na asipoamka mwamshe: mfunue, mpapase nyayo, mbadilishe nepi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi. Mtoto wa siku tano anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na choo chake kimeshaacha weusi kimekuwa cha manjano.

Nilikuuliza pia amefunikwa nini. Ukasema shali la baba yake, lililotolewa sandukuni, linanuka vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende. Mwanangu, hivyo vidonge ni naftalini. Wako watoto, hasa wa kiume, na huku kwetu kwenye malaria hawapo haba, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kitu cha mwilini kinacholinda chembe za damu zisivunjike. Mtoto wa namna hiyo akivaa au akifunikwa nguo yenye harufu ile, damu yake huvunjika kwa kasi na umanjano hupanda ghafla. Mweleze daktari habari ya shali. Nguo zote za sandukuni ziondoe chumbani, zifuliwe, zianikwe siku kadhaa hadi harufu iishe, na hivyo vidonge vitoke nyumbani.

Nimefurahi kusikia yuko chini ya taa na ameanza kunyonya kwa nguvu. Mavyaa nitampigia mwenyewe, tuzungumze wazee kwa wazee. Mkisharudi, endelea kumtazama dirishani kila asubuhi. Siku ya 14 ikipita macho bado ni ya manjano, au choo kikawa cheupe kama chokaa, mrudishe hospitali hata kama ananyonya na kunenepa.