Barua kwa Bi Mwalimu: Nimelia Kwenye Foleni ya Horohoro

Mwezi huu nimepata barua nne zinazogusa jambo moja bila waandishi wake kujuana: machozi na hasira za kweli kwa ajili ya watu wa hadithini. Nimeziweka pamoja. Ya dereva nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa pabaya.

*Bi Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva wa semi, nina miaka 41, napiga ruti ya Tanga na Mombasa. Binti yangu alisahau kitabu chake cha shule ndani ya gari, Siku Njema cha Ken Walibora. Siku hiyo foleni ya mpakani Horohoro haikusogea na simu ilikuwa imekata chaji, nikakifungua tu kupoteza muda. Yule mtoto alipofiwa na mama yake nililia, Bi Mwalimu, wala si machozi mawili. Utingo alikuja na chai akaniona, akageuka nayo. Mama yangu mzazi alifariki miaka mitatu iliyopita na sikutoa hata chozi, ndugu zangu mpaka leo wananiita moyo wa jiwe. Sasa iweje nimlilie mama wa kwenye karatasi? Nina kasoro? Na je, niendelee kukisoma au niache?* Dereva, Tanga

Marahaba, mwanangu. Huna kasoro. Ila nikuulize: siku ya msiba wa mama yako, wewe ulikuwa na kazi gani? Hukuniandikia, lakini nakisia. Mwenye kujua gari hapewi nafasi ya kukaa mkekani. Wewe ndiye uliyetumwa kufuata sanda, ukapokea wageni stendi usiku wa manane, ukaenda kwa wachimba kaburi, ukarudi kumtafutia shangazi dawa ya presha. Kila ulipotaka kukaa, mtu akaita jina lako.

Nasema hivyo kwa sababu na mimi yalinikuta. Mama yangu alifariki mwaka 1997, nyumbani kwetu Ngamiani. Mimi ndiye binti mkubwa, na mwalimu juu yake, kwa hiyo nikakabidhiwa ufunguo wa stoo. Mchele, sukari, majani ya chai, mafuta, vyote vilipita mkononi mwangu. Nikaufunga ule ufunguo kwenye pindo la kanga na kwa siku tatu watu hawakuniuliza unajisikiaje, waliniuliza sukari imebaki kilo ngapi. Na mimi nilijibu vizuri sana. Khitma ikasomwa, watu wakasifu kwamba msiba umekwenda kwa utaratibu. Sikulia. Nilidhani nimejaliwa subira.

Baada ya miezi saba nikaazima riwaya nyembamba maktaba. Jina lake limenitoka, na wala haikuwa riwaya nzuri, nakwambia kama mtu aliyesahihisha insha kwa miaka 31. Katikati yake kuna mwanamke anatafuta kitu kabatini, hakioni, anapaza sauti: "Mama, ufunguo uko wapi?" Halafu anakumbuka kwamba mama hayupo. Mstari mmoja tu, mwandishi akaendelea na mambo yake. Mimi sikuweza kuendelea. Nililia mpaka mchuzi wa papa ukaungua jikoni, na jirani akaja mbio akidhani nyumba inawaka.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Ninavyoona mimi, kitabu hakikutumi dukani. Msibani kila mtu ana neno lake: jikaze, wewe ni mwanamume, wadogo zako wanakutazama wewe. Kitabu hakikutazami. Kinakupa msiba ambao hudaiwi kitu ndani yake, si mchango wala usafiri, na huna wa kumkabili siku ya arubaini. Basi ule mzigo ulioubeba wima tangu makaburini unapata mahali pa kutuliwa. Wewe uliutua Horohoro, kati ya lori mbili, na hapakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Isitoshe, ulikuwa unasoma habari za mtoto wa Tanga anayevuka kwenda Kenya kumtafuta baba yake, nawe mwenyewe ni mtu wa Tanga uliyekaa mpakani. Ungeponea wapi?

Sisi watu wa Tanga hili tunalijua, ila hatujazoea kulihusisha na vitabu. Waliowahi kukaa kwenye taarabu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, Shakila akiwa jukwaani, waliona. Mwimbaji anaimba habari za mtu asiyetajwa jina, na ghafla mama mmoja aliyekuwa ametulia kwenye kiti anainuka, anakwenda mbele polepole, noti mkononi, anamtunza. Watu hawamuulizi kwa nini. Ubeti umemfikia. Amekaa na neno lile kifuani labda mwaka mzima, hana wa kumwambia, na mtu asiyemjua kalitoa hadharani kwa sauti nzuri. Msomaji naye huinuka hivyohivyo, ila ukumbi wake ni kichwa chake, na badala ya noti anatoa chozi.

Wala si wewe wa kwanza kujishangaa. Chuoni tulisomeshwa Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo anajilaumu kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa Carthage katika utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi, malkia aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, ilhali hakuililia hali yake mwenyewe. Wengi huishia hapo wakisema, mnaona, hata mtakatifu kakataza. Wangesoma mbele. Mama yake Monika alifariki mwaka 387 huko Ostia, Italia, na Augustino alijizuia. Alimfumba mama macho, akaenda maziko, akarudi, hakulia. Watu wakamwona mkavu, kama ndugu zako walivyokuona wewe. Kisha akalala, akaamka, na pale kitandani peke yake zikamjia beti za utenzi wa Ambrosi, askofu wa Milan. Baada ya hizo ndipo moyo ulipolegea, akamlilia mama yake. Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilikuwa msichana, sikuiona. Nilipoirudia baada ya 1997 niliifunga kwanza, nikatoka nje.

Niendelee au niache? Endelea, mwanangu. Ila soma gari likiwa limezimwa, nawajua madereva. Na ukimaliza, usimrudishie binti kitabu kimyakimya. Mwambie umefika ukurasa gani ulipolia. Huenda naye hajapata pa kumlilia bibi yake.

*Mwalimu, habari za siku? Binti yangu yuko kidato cha tatu. Amesoma Rosa Mistika usiku kucha, asubuhi macho yamevimba, uji hakunywa. Nimeambiwa kitabu hicho kiliwahi kufungiwa. Nimekificha juu ya kabati, chini ya masanduku. Nimefanya sawa?* Mama, Musoma

Mdogo wangu, mshushe kwanza Rosa kutoka juu ya kabati ndipo tuzungumze.

Uliloambiwa ni kweli. Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, na kikapigwa marufuku mashuleni kwa jinsi kilivyosema wazi mambo ya wasichana na wanaume, kabla ya kurudi kuwa kitabu cha darasani. Marufuku ile ilikisaidia mno. Sisi tulikisoma kikiwa kimevikwa gazeti, kikipita chini ya madawati, kurasa za mwisho zimelegea kwa kushikwashikwa. Hofu yako nayo ni ya zamani na ina heshima yake. Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alipotoa riwaya ya Werther mwaka 1774, vijana wa Ujerumani walishona makoti ya buluu na vizibao vya njano wafanane na mhusika aliyejiua kwa mapenzi, na mwaka uliofuata wakubwa wa Leipzig wakakataza kitabu pamoja na mavazi yenyewe. Wazazi wa wakati huo nao walisimama mlangoni kama wewe, wakitazama macho yaliyovimba.

Lakini nikusimulie kilichonifundisha kazi. Tulikuwa tukikisoma darasani kwa sauti, kila msichana ukurasa mmoja, tukafika kwenye habari za Zakaria, baba yake Rosa, anavyorudi nyumbani amelewa na kinachowapata mkewe na watoto. Msichana aliyekuwa anasoma alikuwa hodari, sauti safi. Ikakatika. Akaomba ruhusa akanywe maji, hakurudi. Nilimkuta nyuma ya jiko la shule anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Nikakaa kwenye kuni. Baada ya muda mrefu akaniuliza, bila kunitazama: "Mwalimu, huyu mwandishi aliijuaje nyumba yetu?"

Miaka mitatu nilikuwa nimemfundisha. Nilijua alama zake za sarufi mpaka nukta ya mwisho, na hilo sikulijua. Kama kitabu kile kingekuwa juu ya kabati, nisingelijua kamwe.

Kwa hiyo usimuulize binti yako "kwa nini unalia?", hilo halina jibu. Muulize ni ukurasa gani, mwambie akusomee, kisha nyamaza. Huenda ukaambiwa kwamba anamwonea Rosa huruma tu, na huo ni usomaji wa afya kabisa. Atakunywa uji wa jioni. Huenda ukaambiwa jambo jingine, nawe utashukuru kwamba limesemwa. Tahadhari yangu ni moja: ikiwa siku zinapita bado hali wala halali, au ukimsikia anasema amechoka kuishi, hapo kitabu kiweke pembeni. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usisubiri jibu la Bi Mwalimu gazetini.

*Bi Mwalimu, mume wangu akinikuta na machozi ya riwaya hucheka na kusema nalilia uongo. Nimjibu nini?* Msomaji, Dodoma

Timu yake ikifungwa yeye hulilia nini? Watu 22 wasiomjua, wanafukuza mpira ambao hata si wake, na chakula cha usiku kinakataliwa. Mwambie kila mtu na ligi yake.

*Bi Mwalimu, kuna gazeti nililokuwa nalinunua kila wiki kwa ajili ya hadithi ya mfululizo. Wiki mbili zilizopita mwandishi kamuua kijana niliyempenda kuliko wote. Sinunui tena. Najua ni hadithi, lakini nina hasira ya kweli, nikimwona mwandishi huyo simpi mkono. Nimezidi?* Mwenye Hasira, Kigoma

Hujazidi, na una wenzako wengi. Desemba 1893 mwandishi Arthur Conan Doyle alimtupa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi zake, kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi, katika jarida la The Strand, kwa sababu alikuwa amemchoka. Wasomaji wa Uingereza wakamwandikia barua za matusi, wengine wakasitisha kulinunua jarida. Alivumilia miaka. Mwaka 1901 akatoa hadithi ya Holmes iliyotokea kabla ya kifo chake, ujanja wa kutuliza watu, na mwaka 1903 akasalimu amri, akamfufua kabisa. Kwa hiyo mwandikie mhariri. Kwenye mfululizo kifo si lazima kiwe cha kudumu.

Mimi nina heshima kubwa na hasira ya msomaji. Nilikuwa na jirani, marehemu sasa, mtu wa Pangani, hakujua kusoma. Kila Jumamosi jioni nilikuwa namsomea mfululizo barazani, yeye anachambua mchele. Mwovu wa hadithi alikuwa jamaa mmoja anaitwa Hamadi, laghai, kamdanganya msichana kamkimbia na mimba. Bahati mbaya muuza samaki wa mtaani kwetu naye alikuwa Hamadi, mzee wa watu, baiskeli na tenga lake. Wiki nzima jirani yangu akakataa kununua samaki kwake. Akipita anaita, mlango unafungwa. Siku ya nane Hamadi akaegesha baiskeli kwangu, kofia mkononi: "Mwalimu, nimemkosea nini yule mama?"

Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, akasogeza tenga kivulini, akataka nimsomee tangu toleo la kwanza, ajue huyo wajina wake alimfanyia nini hasa yule msichana.