Melanteriti haingoji: kwako unayeanza kazi ya chumvi za chuma

Fuwele za kwanza nilizochukua kwa mkono wangu zilikuwa za kijani kilichopauka, zimeota kwenye ukuta wa handaki la mgodi uliokwisha kuachwa. Nilizitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaandika "melanteriti", aina ya chumvi ya chuma, daftarini, nikauacha mfuko mezani tangu Ijumaa bila kuufunga. Jumatatu nikakuta unga mweupe. Nilidhani mtu amebadilisha mfuko wangu. Nikaupeleka unga kwenye mashine ya eksirei, majibu yakatoka: rozeniti, madini mengine. Msimamizi wangu hakunikemea. Aliniuliza swali moja tu: "Mle handakini hewa ilikuwa na unyevu kiasi gani?" Sikuwa nimepima. Nilikuwa na madini mawili na sampuli moja, na sikuweza kumthibitishia mtu yeyote kwamba lile la kwanza liliwahi kuwapo.

Nakuandikia wewe unayeanza ili usipoteze sampuli kama nilivyopoteza mimi. Karibu kila kosa linalofanyika katika kazi hii linatokana na kuyachukulia madini haya kama jiwe. Quartz uliyoichukua mwaka jana ni ileile leo. Melanteriti uliyoichukua asubuhi huenda jioni ikawa na jina jingine.

Anza na fomula, kwa sababu siri yote imo humo. Melanteriti ni FeSO4·7H2O, salfeti ya chuma yenye molekuli saba za maji. Rozeniti ni salfeti hiyohiyo yenye molekuli nne, na somolnokiti ina moja tu. Kati yake zipo siderotili yenye tano na nyingine yenye sita, lakini hizo utakutana nazo mara chache zaidi. Fanya hesabu mara moja kwa kalamu yako mwenyewe na hutaisahau: karibu asilimia 45 ya uzito wa melanteriti ni maji. Rozeniti inashuka hadi kama asilimia 32, somolnokiti asilimia 11 hivi. Unaposhika kipande cha melanteriti, karibu nusu ya kile ulichoshika ni maji yaliyopangwa kwa mpangilio wa fuwele.

Maji hayo hayakushikwa yote kwa nguvu sawa. Molekuli sita zimeizunguka atomu ya chuma moja kwa moja, zimeibana pande zote. Ya saba haigusi chuma kabisa. Imekaa katikati ya makundi, imeshikiliwa na vifungo vya haidrojeni peke yake. Hewa inapokauka, mpangilio huu hauna uwezo wa kuvumilia. Katika rozeniti maji manne ndiyo yanayobaki kwenye chuma, na nafasi mbili zilizoachwa wazi zinashikwa na oksijeni za salfeti. Ndiyo maana fuwele haipungui maji ikabaki na umbo lake. Inavunjwa na kujengwa upya, na kinachobaki mkononi ni unga.

Mpaka kati ya melanteriti na rozeniti, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, uko karibu na unyevu wa hewa wa asilimia 60. Nambari hii iandike kwenye jalada la daftari. Juu yake melanteriti inakaa salama, chini yake inaanza kuwa nyeupe. Joto likipanda, mpaka nao unapanda, maana yake melanteriti inahitaji hewa yenye unyevu zaidi ili isalimike. Ubaridi unaisaidia. Safari ya kurudi pia ipo: rozeniti ikiwekwa penye unyevu mwingi inanyonya maji na kuwa melanteriti tena, ila fuwele nzuri ulizoziona ukutani hazirudi. Somolnokiti ni kaidi zaidi, inaweza kukaa muda mrefu bila kubadilika hata pale ambapo kwa vitabu ingepaswa kunyonya maji. Basi ukiikuta somolnokiti kwenye hewa yenye unyevu, usikimbilie kusema vipimo vyako ni vibovu.

Kuitambua kwa macho na mikono si kazi ngumu, mradi usiamini dalili moja peke yake. Ugumu wake ni 2 kwenye kipimo cha Mohs, ukucha unaikwaruza. Ni nyepesi kwa namna ya kushangaza kwa kitu chenye chuma: msongamano wake ni kama gramu 1.9 kwa sentimita ya ujazo, wakati quartz ni 2.65. Mng'ao wake ni wa kioo, unga wake mweupe, fuwele zake ni za mfumo wa monokliniki, ingawa ukutani utaona zaidi maganda, nyuzi zilizojikunja na vitu vinavyoning'inia kama barafu. Kijani kikielekea samawati, shuku shaba, kwa kuwa shaba huingia kwa urahisi kwenye nafasi ya chuma. Zinki, magnesiamu na manganizi huingia pia. Na inayeyuka majini bila kubembelezwa.

Vitabu vya zamani vitakwambia ina ladha ya utamu uliochanganyika na ukakasi. Usionje. Mahali inapoota, maji yana asidi na mara nyingi yana arseniki au kadimiamu. Njia bora ni hii: yeyusha punje ndogo kwenye maji, kisha mimina kwenye maji ya majani ya chai yaliyokolea. Tanini ya chai ikikutana na chuma, rangi inakwenda kwenye weusi. Ndiyo kemia iliyotengeneza wino kwa karne nyingi, salfeti ya chuma na tanini ya miti, na jina melanteriti lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la weusi. Jaribio hili halikwambii ni madini gani hasa. Linakwambia chuma kipo na kimeyeyuka, na ukiwa mbali na maabara hilo ni jambo kubwa.

Sasa tuje kwenye namna inavyozaliwa. Mzazi wake wa kawaida ni piriti, madini ya chuma na salfa, FeS2, au ndugu zake kama markasiti na pirotiti. Piriti ikifichuliwa mbele ya hewa na maji, salfa yake inaoksidishwa kuwa salfeti, chuma kinaachiwa kama chuma(II), yaani kilichopoteza elektroni mbili, na asidi ya salfuriki inatokea. Wanafunzi wengi wanaishia hapo, na ndipo wanaposhindwa kueleza kwa nini mgodi mmoja unatoa asidi kidogo na mwingine unatoa mto mzima. Hatua ya pili ndiyo yenye meno. Chuma(II) kikioksidishwa kuwa chuma(III), kilichopoteza elektroni tatu, hicho cha pili kinaishambulia piriti kwa kasi kuliko oksijeni yenyewe: ioni 14 za chuma(III) zinatumika kwa kila FeS2 moja, na asidi inayotoka ni nyingi zaidi. Kwenye maji yenye asidi kali, kugeuka kwa chuma(II) kuwa chuma(III) kungekwenda polepole mno kama si bakteria. Acidithiobacillus ferrooxidans na jamaa zake wanajipatia nishati kwa kazi hiyo, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1970 Singer na Stumm walionyesha kwamba viumbe hawa wanaweza kuiharakisha mara milioni moja hivi.

Maji hayo mazito yakianza kukauka, chumvi zinatoka kwa zamu. Melanteriti huwa miongoni mwa za kwanza, karibu kabisa na piriti, kwa sababu chuma chake bado ni chuma(II). Kadiri maji yanavyokaa na hewa, chuma(III) kinaongezeka, na hapo zinafuata kopiapiti ya manjano, romeriti ya kahawia, kokwimbiti yenye uzambarau. Ukisimama mbele ya ukuta wa namna hii, usome kuanzia kijani na nyeupe hadi manjano na chungwa. Unasoma historia ya oksijeni mahali hapo. Jihadhari tu na nyuzi nyeupe laini kama nywele, kwani mara nyingi si rozeniti bali halotrikiti, ambayo ina alumini ndani yake.

Mfano unaopaswa kuujua ni mgodi wa Richmond, Iron Mountain, California. Mwaka 2000 watafiti Nordstrom, Alpers na wenzao walichapisha vipimo vya maji ya humo vyenye pH (kipimo cha asidi: kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali) hasi, hadi -3.6. Nilipoisoma nambari hiyo mara ya kwanza nilidhani ni kosa la chapa. Si kosa. Maji yamekolea asidi kiasi kwamba kipimo kinapita sifuri na kuendelea kushuka, na chumvi za chuma zimejaa kwenye kuta za mahandaki yake.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote: melanteriti ni ghala la asidi. Wakati wa ukame inaonekana haina madhara, chumvi tu juu ya mawe. Mvua ya kwanza inaiyeyusha kwa saa chache, na kijito kinapokea kwa mkupuo kile kilichokusanywa kwa miezi. Wala asidi haiishii pale chumvi inapoyeyuka. Chuma(II) kikishaingia kwenye maji, kinaoksidishwa, kinatua kama matope ya rangi ya kutu, na kila atomu ya chuma inayotua hivyo inaacha ioni mbili za haidrojeni. Ukitaka kuliona kwa macho, yeyusha melanteriti kwenye maji safi, pima pH siku hiyohiyo, funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, kisha pima tena baada ya wiki. pH imeshuka na chini kuna mashapo ya kahawia. Kwa hesabu, gramu 278 za melanteriti zikimaliza safari hiyo zinadai gramu 100 za kalsiamu kaboneti ili asidi yake izimwe. Anayepima maji ya kijito wakati wa kiangazi tu, akaandika kwamba eneo ni salama, amepima ghala likiwa limefungwa.

Kuhusu kuchukua sampuli. Nenda na kipima unyevu na kipimajoto, na uandike vyote kabla ya kugusa kitu. Piga picha ukutani, yenye kipimo cha rangi. Tumia kijiko cha plastiki, maana chuma cha kisu kinaweza kuitia sampuli uchafu. Chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko kinachobana, ijazwe hadi juu ili hewa isipate nafasi, kisha kwenye sanduku la baridi. Usitumie karatasi kama lebo ya ndani; asidi inaila, na mwaka ukipita utabaki na chupa isiyo na jina.

Na handaki lenyewe. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao. Piriti inayooksidika inakula oksijeni, na penye chumvi nyingi za kupendeza huenda ndipo penye hewa haba kabisa. Hutasikia harufu wala kuona moshi. Usiingie bila kipima oksijeni, na usiingie peke yako, hata kwa dakika tano.

Maabarani makosa ni manne au matano, na yanajirudia kila mwaka. Sampuli inatiwa kwenye joko la nyuzi 105 ili "ikauke," na melanteriti ikifika kwenye molekuli moja ya maji imepoteza karibu asilimia 39 ya uzito wake. Mtu anaandika kuwa huo ni unyevu wa udongo. Inasuuzwa kwa maji, inapotea. Inakatwa kwa msumeno unaopozwa kwa maji wakati ungepaswa kupozwa kwa mafuta. Inasagwa kwenye kinu cha umeme kwa dakika kumi, joto la kusaga linaigeuza rozeniti. Isage kwa mkono, kidogo, haraka, uipime saa hiyohiyo. Kwenye eksirei tafuta mstari mkubwa wa melanteriti karibu na angstromu 4.9 (umbali kati ya tabaka za atomu), wa rozeniti karibu na 4.5, wa somolnokiti karibu na 3.4. Kama mashine ina mrija wa kobalti wa kutoa eksirei, uombe. Mrija wa shaba unafanya chuma king'ae chenyewe na kuharibu mandhari ya nyuma ya mistari hiyo.

Usidhani mambo haya ni ya migodini peke yake. Visukuku vingi vina piriti ndani, na kabati lenye unyevu linatosha kuvianzishia ugonjwa. Kwa kila atomu ya chuma, melanteriti inachukua nafasi kama mara sita ya ile iliyochukuliwa na piriti, kwa hiyo kisukuku kinapasuka kutoka ndani. Meli ya kivita ya Uswidi iitwayo Vasa, iliyozama Stockholm mwaka 1628 na kuinuliwa 1961, ilianza kutoa chumvi za salfeti na asidi kwenye mbao zake. Salfa ilitoka kwenye maji machafu ya bandari, na chuma kilichochochea kilitoka kwenye bolti zilizooza. Anayetunza vitu vya makumbusho na anayesafisha maji ya mgodi wanapambana na mmenyuko mmoja.

Siku hizi lebo zangu zina mistari miwili. Wa kwanza ni kile nilichokiona: "fuwele za kijani, huenda melanteriti, nyuzi 14, unyevu asilimia 92, saa 4 asubuhi." Wa pili ni kile mashine ilichokiona, pamoja na saa na unyevu wa chumba cha mashine. Mistari hiyo ikitofautiana sifuti wowote. Ninarudi kwenye chupa, nafungua kifuniko, na kuangalia kama chini kabisa, ambako hewa haikufika, bado kuna kijani.