Wasomaji Wanauliza: Kusafiri kwa Ajili ya Ndege

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Thika, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiweka akiba ili niende Uganda kumwona korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa kinamasi ambaye Waingereza humwita shoebill. Mwenzangu kazini ananiambia kwamba si busara kuvuka mpaka ilhali msitu wa Arabuko-Sokoke sijaukanyaga. Nafasi niliyo nayo mwaka huu ni likizo ya Agosti tu, na darubini nitakayotumia ni ya kuazima. Niende wapi?
*Mwalimu, Thika*

JIBU: Mwalimu, kama ningekuwa na likizo hiyo moja tu, ningekwenda Sokoke, na sababu yangu si gharama. Korongo nyangumi hahami. Aliyeko kwenye kinamasi cha Mabamba, Uganda, mwezi wa Agosti ndiye utakayemkuta huko Desemba au Aprili. Sokoke, kwa upande mwingine, ina mgeni wake wa majira ya baridi, ndege wa ardhini mwenye madoadoa meusi kifuani, ambaye hutoka misitu ya kusini na kukaa pwani yetu kuanzia mwezi wa Aprili hivi hadi Oktoba. Ukichelewa hadi likizo ya Desemba, humpati.

Msitu wenyewe una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndiyo sehemu kubwa kuliko zote iliyosalia ya misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Usiuingie ukidhani kwamba ni msitu wa namna moja. Kuna ukanda wa miti ya mirihi uliosimama juu ya mchanga mweupe, wenye miti iliyoachana na mwanga mwingi. Huko ndiko anakotafutwa kwera mwenye manjano na meusi ambaye duniani kote anapatikana katika kaunti ya Kilifi peke yake. Kuna pia ukanda wa udongo mwekundu wenye vichaka vilivyosongamana, na huko ndiko anakoishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi walimtambua rasmi katikati ya miaka ya 1960. Urefu wake haufiki sentimita 20, na wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu. Mchana hulala kwenye matawi ya chini, mara nyingi dume na jike wakiwa wamebanana bega kwa bega, na unaweza kupita hatua tatu kutoka walipo usiwaone. Kwa hiyo usiende peke yako. Omba kiongozi katika kituo cha msitu kilichoko Gede, kwa sababu viongozi wa pale ni watu wa vijiji vinavyouzunguka msitu, na wengi wao wanajua kichaka ambacho jozi fulani ililala jana. Panga asubuhi mbili, si moja, na uwe umeshaingia msituni kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kwani ikifika saa nne joto huwanyamazisha ndege karibu wote.

Alasiri nenda hori ya Mida, ambayo iko jirani kabisa. Ni kweli kwamba mwezi wa Agosti wengi wa ndege wa ufukweni watokao kaskazini hawajafika. Utakaowakuta ni wale wachanga ambao hawakurudi makwao kuzaliana, pamoja na wa kwanza kurejea. Hata hivyo, hori haikosi cha kutazama. Uliza wenyeji maji yanajaa saa ngapi, ufike wakati yanapanda, maana hapo ndipo ndege wanaposogezwa karibu na mikoko. Maji yakiwa yametoka, watakuwa vidoa tu kwenye tope la mbali.

Kuhusu darubini ya kuazima, itazame imeandikwa nambari gani. Ikiwa ni 8x42, inakutosha kwa miaka mingi. 8 ni mara ambazo inakuza, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ambao ndio unaoingiza mwanga. Watu wengi wanaoanza huvutiwa na zile zinazokuza mara 12 au zaidi, kisha wanashangaa kwamba msituni hawaoni kitu: picha inatikisika pamoja na mkono, na eneo unaloliona ni finyu mno kumpata ndege anayeruka tawi hadi tawi. Itumie nyumbani wiki mbili kabla ya safari, hata kwa shomoro na kunguru wa uani, hadi mikono yako iweze kuinyanyua machoni bila wewe kuacha kumtazama ndege. Na kwa kuwa utakuwa likizoni, tafuta Jumatano moja ufike Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, ambako wanachama wa Nature Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1909, hukusanyika kila wiki asubuhi kwa matembezi ya kutazama ndege. Utajifunza zaidi kwa kusimama karibu na mtu anayeijua sauti ya kila ndege kuliko kwa kusoma peke yako mwezi mzima.

Akiba ya Uganda usiiguse. Ni safari nzuri, na inakungoja. Mkenya anaweza kuvuka mpaka huo kwa kitambulisho cha taifa, lakini beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mabamba iko magharibi ya Entebbe, pembezoni mwa ziwa Victoria, na unaingia kwa mtumbwi kupitia njia nyembamba kati ya mafunjo. Korongo nyangumi husimama humo bila kutikisika kwa muda mrefu, akimvizia kamongo anayepanda juu kuvuta hewa, na anapomshambulia huanguka mwili mzima juu ya mawindo yake. Zamani wavuvi wa pale waliamini kwamba ukikutana naye siku hiyo hupati samaki, na baadhi yao walikuwa wakimwua. Leo wako wavuvi wanaopiga kasia kuwapeleka wageni kumwona, na mimi naona kwamba nauli unayomlipa mwenye mtumbwi ni sehemu ya ulinzi wa ndege huyo. Ukienda, enda alfajiri, na umwombe mpiga kasia asisogee karibu zaidi hata kama wenzako wanataka picha.

SWALI: Nilizaliwa Wete, naishi Muscat na familia. Wanangu wamependa ndege kupita kiasi. Je, Januari niwapeleke Barr Al Hikman, au nisubiri Julai tutakapokwenda Pemba kuwaona wazee?
*Baba wa watatu, Muscat*

JIBU: Ndugu yetu, wapeleke kote kuwili, kwa sababu safari hizo mbili zinakamilishana kuliko unavyofikiri. Barr Al Hikman, kwenye pwani ya Oman mkabala na kisiwa cha Masirah, ni tambarare ya tope na mchanga ambako ndege wa ufukweni zaidi ya nusu milioni hukaa majira ya baridi, na Januari ndio wakati wenyewe. Waonyeshe watoto ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye chakula chake kikubwa ni kaa. Huyu huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Arabuni na Ghuba, na tofauti na jamaa zake wote wa ufukweni, huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, joto la jua likimsaidia kuatamia. Wengine wa aina hiyo hushuka hadi pwani ya Afrika Mashariki, na wakati wa kaskazi husimama makundi makundi pale Mida, kwa hiyo wanao watamjua ndege ambaye njia yake ni ile ile ya majahazi. Tahadhari moja tu: usiliondoe gari kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa, kwani ardhi ya chumvi huonekana ngumu juu na chini yake ni tope, na gari likizama huko msaada huwa mbali.

Pemba ni habari nyingine. Kisiwa kina ndege wanne ambao hawapatikani kokote duniani isipokuwa hapo: bundi mdogo, ninga, chozi, na yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Wote ni wakazi wa daima, hivyo Julai haina kasoro. Chozi na huyo wa manjano huenda mkawaona hata kwenye mikarafuu ya wazee. Kwa ajili ya bundi nendeni msitu wa Ngezi magharibi inapoingia, mkiwa na mlinzi wa msitu, na mkae kimya mkisikiliza.

SWALI: Katika safari moja kiongozi wetu alipiga sauti ya ndege kwenye simu yake karibu nusu saa hadi ndege akatokea. Sikufurahi. Je, nilikosea?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Hukukosea, Dada. Ndege akisikia sauti ile hudhani mpinzani ameingia katika eneo lake, akaacha kula au kuatamia ili aje kupigana na kitu kisichokuwepo. Akifanyiwa hivyo mara moja huenda asidhurike, lakini mahali panapopitiwa na vikundi kila siku, ndege yule yule husumbuliwa mwezi mzima, na mbaya zaidi ni katika msimu wa kuzaliana. Siku nyingine mweleze kiongozi msimamo wako kabla hamjaondoka, mkiwa bado mnapatana malipo, maana kumkatiza mbele ya wageni wengine humwaibisha na hakubadilishi kitu. Mwambie kwamba uko tayari kukaa chini ya mti mmoja saa nzima na kurudi bila kumwona ndege huyo. Viongozi wengi hupiga sauti kwa kuwa wanadhani mgeni asipoona hatalipa.